Kiti Kilichotazama Ukuta

Ilongero, Singida
16 Machi 1975

Mpendwa binti yangu Sara,

Salamu nyingi zikufikie huko Dar es Salaam, na joto la huko lisikuonee sana. Sisi hapa hatujambo. Mama yako Kristina hajambo, ila goti linamsumbua akitoka kisimani. Bibi yako hajambo, na ulimi wake ndio haujambo kabisa. Hofu yetu ni kwako tu, unayeshinda na makelele ya mashine za kiwanda cha nguo.

Baada ya salamu, nakuarifu kwamba kijiji kipya tumeanza kukizoea. Unakumbuka tulivyokuwa zamani, kila mji na kilima chake, ukitaka kumsalimu jirani unavaa viatu kabisa. Tangu Operesheni Vijiji ituhamishe, tumepangwa mistari kama mihogo. Ukipiga chafya, nyumba tatu zinakuambia pole. Bibi yako, aliyekuwa akiishi mbali kwa watu wa mama yako, sasa nyumba yake iko mgongoni mwa yetu. Mimi na mama mkwe wangu, jamani! Asubuhi nikitaka kutoka nakohoa kwanza ili apishe njia, au nipishe mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Vile vyombo vya bendi yetu ya Mandewa Jazz tulivyopiga miaka yote katika ukumbi wa Manji mjini, tumevileta huku na kuvitoa viwe mali ya kijiji. Isaka yuko na ngoma zake, Urbano na besi, mimi na gitaa. Mwenyekiti wetu, Mughwai, akatupa ghala tulitumie Jumamosi mchana, watu wakitoka shamba la kijiji. Juzi tukafungua. Watu walijaa hadi madirishani. Nikavaa suti yangu ya kijivu na tai. Nikaanza na waltz, ile niliyokuwa nikimshikia mama yako kabla wewe hujazaliwa. Hakuna aliyeinuka. Nikapiga rumba. Hakuna. Cha-cha-cha. Hata mtu mmoja! Nyuso zao sikuziona, maana bibi yako naye alikuja kusikiliza, na mimi kwa adabu nikageuza kiti nikapiga nimetazama ukuta mwanzo mpaka mwisho. Lakini ule ukimya niliusikia vizuri sana.

Sasa halmashauri ya kijiji imesema vyombo visivyochezewa ni mzigo. Viuzwe, tununue mashine ya kusaga. Wanawake wanaitaka mashine, wala siwalaumu, mama yako akiwa wa kwanza. Tumepewa mpaka Saba Saba. Siku hiyo watu wasipocheza, gitaa langu linakwenda. Sikubali, Sara. Mimi niliyeufundisha mji wa Singida kucheza dansi nishindwe na kijiji kimoja?

Tafadhali nitumie nyuzi za gitaa, hasa ile nyembamba.

Ni mimi baba yako,
Melkizedeki

*

Dar es Salaam
6 Aprili 1975

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo nyingine umfikishie Mama, na pole ya goti. Bibi mwambie ule ulimi autunze, bado tunauhitaji. Mimi ni mzima wa afya, nakula, nalala, na kanisani naenda.

Nyuzi hizi hapa. Nimesaidiwa kuzipata na mwenzangu mmoja anaitwa Damiani, mpiga tarumbeta. Kwao ni Ikungi, huko huko Singida, kwa hiyo si mgeni.

Baba, usinikasirikie. Nyimbo zako nilikua nazo na nazipenda, lakini zimezeeka. Huku waltz huisikii tena, labda kwenye harusi ya bwana mkubwa. Kila bendi ina mtindo wake wenye jina, na watu wanaifuata bendi kwa ule mtindo. Wimbo unaanza taratibu, watu wanasikiliza maneno. Kisha gitaa linabadilika, ngoma zinakaza, ndiyo chemko hiyo, na hapo hata mgonjwa anasimama. Vijana wengine hawataki bendi kabisa, wanataka sahani za muziki wa Kimarekani. Wakubwa wakikataza, wao wanajifungia chumbani na suruali zao za bugaluu, zile pana miguuni, na kucheza hivyo hivyo. Ladha za watu zimehama, Baba, kama ninyi mlivyohamishwa.

Jaribu chemko. Wimbo mmoja tu. Suti ivue, kuna joto.

Nakuombea usishindwe.

Mwanao akupendaye,
Sara

*

Ilongero
4 Mei 1975

Sara,

Marahaba. Tuko wazima. Nyuzi nimezipata, asante. Huyo Damiani ni nani? Hukusema ni nani, umesema tu si mgeni.

Suti sivui. Mtu anayekuja kwenye dansi amekuja mbele za watu, hakuja kupalilia. Na hiyo mitindo yenu ya kila mtu kuruka peke yake kama amekanyaga siafu, mimi siiiti dansi. Dansi ni kumshika mwenzio mkono na kiuno, kwa heshima, mkaenda pamoja bila kukanyagana. Ndivyo nilivyompata mama yako. Ningerukaruka peke yangu pale kwa Manji, leo wewe ungekuwa wapi?

Hata hivyo mimi si mbishi. Jumamosi iliyopita nilijaribu hiyo chemko. Isaka alizipiga ngoma mpaka jasho likamwingia machoni. Wapi! Nasikia Alute, yule kijana mwenye nguvu kuliko wote shambani, alimshika mkewe mkono, akainuka, akafika katikati, halafu akamwachia mkono akatoka nje moja kwa moja kama amesikia nyumba yake inaungua. Baada yake hakuthubutu mtu. Mimi nilikuwa ukutani kwangu, niliambiwa tu.

Mughwai alinishika bega akasema, "Mzee Melki, pole. Zama zimekupita." Nilimjibu Saba Saba haijafika. Nimewaambia Isaka na Urbano tufanye mazoezi kila jioni, tupige vizuri zaidi, kwa sauti zaidi, mpaka waone haya kukaa.

Mama yako nikimweleza anacheka. Anacheka mpaka anaweka ungo chini. Nikimuuliza sababu anasema, "Mwandikie Sara kwamba Alute alipofika katikati, Theodora alikuwa ameketi mbele. Mwanao atakuelewesha." Basi nimekuandikia. Sijui Theodora ameingiaje katika dansi, mama mtu mzima vile.

Baba yako,
Melkizedeki

*

Dar es Salaam
25 Mei 1975

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako wakati wa mapumziko kiwandani, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Nimwambie nini, na yeye ni mtu wa pwani, hajui kwetu wakwe hukwepana?

Baba! Alute amemwoa nani? Si binti ya Theodora? Kijana amshike mke wake kiuno mbele ya macho ya mama mkwe wake, atalala wapi siku hiyo? Na mke wa kijana mwingine ataanzaje kukumbatiwa wakati baba mkwe wake ameketi kwenye gunia la alizeti anamtazama? Pale kwa Manji hamkuwa na shida hii. Mtu alitoka kilimani kwake akaingia mjini, wakwe zake wamebaki mbali na ng'ombe wao, anacheza kwa raha zake. Sasa Operesheni imewaleta wote, wakwe na wakamwana, mkawaweka kwenye ghala moja, ukawapigia muziki wa kukumbatiana! Nani ainuke?

Na wewe mwenyewe, Baba yangu, ulipiga gitaa umetazama ukuta kwa ajili ya Bibi. Wewe uligeuza kiti. Wao wangegeuza nini?

Upigaji wako hauna kosa. Mazoezi hayatasaidia, hata mkipiga mpaka ghala lipasuke. Fanya hivi. Ile mitindo unayoitukana, ya kila mtu na miguu yake, ndiyo dawa yenu. Huku tunasimama mistari, hakuna kushikana, unatazama mbele. Na huo si ugeni kwetu. Ngoma ya mavuno si ilikuwa wanaume kwao, wanawake kwao, na hakuna mkwe aliyewahi kuaibika? Ipigie gitaa ngoma hiyo. Anza taratibu, halafu chemko.

Najua nakuomba uache kitu unachokipenda. Waltz itakwenda, nami naumia kukuambia hivyo. Lakini gitaa likienda, vyote vimekwenda.

Damiani anakusalimu kwa heshima zote. Ni mtu mwema, hilo linatosha kwa leo.

Mwanao,
Sara

*

Ilongero
9 Julai 1975

Mpendwa mwanangu Sara,

Salamu tele. Hali zetu ni njema mno, na wewe upokee marahaba zote nilizochelewa kukutumia. Wiki nyingi sikukuandikia. Kwanza nilikasirika. Halafu nikaona aibu. Halafu nikawa na kazi.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Siku moja nikatoka nje, nikakohoa kama kawaida, nikasikia bibi yako anakimbilia ndani na kijiti chake cha kutembelea. Nikasimama pale pale nikajiambia, Melkizedeki, wewe ni mjinga, binti yako ana akili. Nikamwita Isaka na Urbano. Tukakaa na wimbo wa mavuno ule ambao hata ng'ombe wa hapa wanaujua, nikautafutia nyuzi zake. Ulikataa, ukakataa, mwisho ukaingia.

Saba Saba ghala lilijaa. Suti nilivaa, hilo ujue. Nilisimama nikiwa nimetazama ukuta wangu nikasema kwa sauti, "Leo hakuna kushikana. Wanaume upande wa mlango, wanawake upande wa magunia. Kila mtu na miguu yake." Sara, kuyasema maneno hayo mimi, kulinichoma moyo. Nikaketi nikaanza.

Kwanza kimya. Nikaona tumekwisha. Chemko ilipoingia nikasikia mguu mmoja, mzito, nikajua ni Alute. Kisha miguu miwili, kisha sikuweza tena kuhesabu. Vumbi likanipita masikioni likaufunika ukuta wote. Isaka anapiga huku ananipasha habari kwa kelele: "Theodora ameinuka! Mughwai ameinuka, amevua kofia!" Halafu akaniinamia sikioni akasema, "Mama mkwe wako anacheza."

Sikugeuka. Lakini nilikisikia kile kijiti chake sakafuni nyuma yangu, kinakwenda na gitaa langu bila kukosea. Nilitaka kuacha, akatuma neno kwa mama yako, mama yako akaniletea: "Mwulizeni yule mkwe nani kamwambia apumzike." Nikaupiga tena wimbo ule ule mpaka vidole vikachubuka. Nililia, nakuambia kweli, na ukuta ndio pekee ulioniona.

Mtindo wetu watu wameupa jina wenyewe. Wanauita Usinishike.

Vyombo haviuzwi. Mughwai alitaka kuanza maneno mengi, mama yako akasimama mbele ya halmashauri akasema mashine bado tunaitaka, basi kila anayekuja kucheza aje na kibaba cha alizeti, tukauze kwa ajili ya mashine. Wanawake wote wakapiga vigelegele, na hapo mwenyekiti gani atabisha? Sasa wanaume wanaolalamika kulima alizeti watalima ili wapate kucheza.

Waltz ghalani siipigi tena. Naipiga nyumbani, mama yako akipepeta mtama. Ungo nausikia unafuata.

Ni mimi baba yako,
Melkizedeki

*

Dar es Salaam
27 Julai 1975

Baba yangu na Mama yangu,

Shikamooni. Nimelia kwa furaha, na barua nimewasomea wenzangu wote wa Singida walioko huku. Usinishike tumeshaijaribu chumbani kwetu, sakafu nusura ipasuke.

Sasa ninalo la kusema nami nalisema wazi, sipendi kuzunguka. Damiani anataka kunioa, na mimi nataka. Wazee wa kwao Ikungi watakuja kuwaona ninyi kwa taratibu zote. Najua mtasema mpiga muziki hana makao. Baba, wewe ni mtu wa mwisho duniani wa kusema hivyo. Likizo ya Desemba ningependa kuja naye awasalimu. Uamuzi wangu ni huu, lakini bila ruhusa yenu sifungi safari.

Nasubiri.

Mwanenu,
Sara

*

Ilongero
10 Agosti 1975

Mpendwa mwanangu Sara,

Marahaba. Tuko wazima, alizeti imejaa ghala.

Wazee wake waje, tutawapokea. Mama yako ameanza kujifunika khanga usoni kila nikilitaja jina la Damiani, naye yuko Dar es Salaam! Kwa hiyo yeye ameshakubali.

Nami nimechonga kiti cha pili. Nimekiweka ghalani kando ya changu, nacho kimetazama ukuta. Mwambie aje na tarumbeta lake.

Ni mimi baba yenu,
Melkizedeki