Tulipoibariki Nyumba ya Asenath

Kayole, Nairobi
Agosti 1996

Mayi mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na za Idi pia, ingawa najua zake huzitaki. Hujambo huko Kimilili? Mahindi yamekomaa? Sisi huku tu wazima, ila mimi nimechoka kukuona ndotoni tu. Tangu niolewe na Mwislamu hujanijibu hata barua moja, lakini wewe ndiwe uliyenizaa na kichwa hiki kigumu, kwa hiyo bado naandika.

Habari kubwa ni nyumba ya Asenath, yule mjane wa kanisa lenu ambaye kibanda chake kiliungua kule Mathare. Kanisa lilitoa mabati, msikiti wetu ukatoa mchanga na watu wa kujenga, na Jumamosi iliyopita tukakutana hapa Kayole kuibariki. Sisi wanawake wa msikiti tulikwenda na ubani, maana kwetu nyumba mpya hufukizwa. Lahaula! Moshi ulipoanza kupanda, akina mama wa kwaya walikemea kwa sauti, wakidhani tumewaletea majini. Mmoja alikimbilia chetezo na jagi la maji. Mwalimu wetu wa madrasa naye akakasirika, akasema heri turudi zetu.

Nikabaki katikati. Niliwaambia akina mama, kwa Kibukusu, kwamba ile ni harufu nzuri tu ya kumkaribisha mtu kwake, wala hatumwiti yeyote. Mwalimu nikamweleza kuwa hawa wamekemea kwa hofu, si kwa dharau. Asenath ndiye aliyemaliza maneno. Alisema yeye amenyeshewa msimu mzima wa mvua, hachagui dua. Basi mchungaji akaomba, mwalimu akaomba, sote tukaitikia amina, na Asenath akakohoa kwa ubani huku akicheka.

Akina mama wa huko nyumbani walikuwa wamekuja na basi. Nilimuuliza Mama Shitanda, kiongozi wao, mbona wewe hukuja. Alitazama viatu vyake, akasema goti linakusumbua.

Sasa nikwambie ukweli, mama. Sikwenda pale kutafuta thawabu. Nilisikia kanisa lenu litaleta akina mama, nikajitolea kwa ajili ya kuuona uso wako tu. Kila kitambaa cheupe cha kichwani kilichoingia mlangoni nilikitazama. Na goti lako ni zima. Nilikuona. Ulisimama ng'ambo ya barabara karibu na muuza makaa, umekumbatia kikapu, umegoma kuingia kwa sababu ya mabuibui yetu. Niliogopa nikikuita utaondoka. Ndiyo maana akina mama wa kwaya walipoanza wimbo ule unaouimba ukipepeta wimbi, nilisimama dirishani nikauimba kwa nguvu zangu zote, na buibui langu, hadi mwalimu akaguna. Nilitaka ujue nimo ndani. Ulifuta macho kwa leso, mama. Usikatae.

Nyumba yangu haijaombewa na mtu wa kwetu hata mmoja. Nakutamani wewe. Uingie, uketi, umwambie Mungu wako neno lolote juu yangu, hata la kunishtaki, kisha tunywe chai. Umetoka Kimilili mpaka Kayole. Barabara moja itushinde kweli?

Nisalimie dada Millicent na wote wanaoniulizia. Mungu akutunze mpaka nikufungulie mlango.

Mimi binti yako akupendaye,
Nabalayo
(Ukifika, ulizia Rehema. Ndilo jina langu wanalolijua majirani.)