Kona ya Mvumbasi

Kaka yangu,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, na paa halivuji tena. Ile njia ya miguu nyuma ya nyumba tunairudishia mimea yake ya asili. Tarehe tatu mimi na majirani tuling'oa vichaka vyote vya kigeni, hadi kile kikubwa penye kona ya kuingia kwetu. Nilijisifu mpaka kwenye shajara, nawe unajua Karani wenu haachi kitu bila tarehe.

Kesho yake Baba alitoka kwa matembezi ya asubuhi, asirudi. Nilimkuta mbali, darajani, amefura kwa hasira.

"Karani wewe, umening'olea kibao changu!"

Ndipo nikajua. Macho yake yamekwisha, Kaka. Kona alikuwa akiijua kwa harufu ya kichaka kile. Amenikataza kukuandikia haya, nami nimeyaandika.

Majirani walisema tukirudishe. Nilikataa, maana kingeenea tena na kuua kila kilicho chini yake. Nikapanda pale konani mvumbasi, mmea wa hapahapa wenye harufu, nikawa namtembeza kila asubuhi na kumpondea jani alinuse.

"Mimi si mbuzi," alikuwa akilalamika.

Leo, tarehe ishirini na sita, nilibaki nyuma makusudi. Alifika penye kona, akasimama, akanusa, akakata kushoto peke yake.

Ukija, usimwambie kitu. Tembea naye tu, umwache atangulie.

Mdogo wako,
Karani