Nimeiandika Posa ya Mwanangu Kama Mkutano wa Ofisi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukitaka kucheka cheka tu, nimestahiki. Miye ni karani katika ofisi moja hapa Maskati, kazi yangu kuandika kumbukumbu za mikutano, na tangu wanipeleke kozi mwaka 1998 nimeshikwa na neno moja la Kiingereza, "for the record", yaani ninalosema liandikwe vile vile lilivyo, basi nalitumia kazini, nalitumia sokoni, hata mke wangu Khawla akilalamika samaki kaharibika namjibu, "For the record, nilikwambia umpike jana." Nyumbani wamenizowea. Sasa Ijumaa iliyopita wamekuja watu wa mtaa wa Khuwair kumposa mwanangu Reem, na mama wa kijana, Bi Shaikha, akasema kwa ulimi mtamu kuwa Reem akiolewa ataachiwa amalize chuo, halua ipo, kahawa inamiminwa, na miye likanitoka, "For the record, Bi Shaikha!", nikachomoa daftari mfukoni mwa kanzu, nikaandika tarehe na saa, nikamsomea maneno yake, kisha, Mungu anisamehe, nikampa kalamu atie saini. Mama wa watu akaweka kikombe chini, kahawa hajaigusa, akasema, "Kwetu neno la mtu mzima halitiwi saini, Bwana Murshid." Wakaondoka wote, simu hawajapiga mpaka leo, Khawla kanuna, Reem kajifungia chumbani, na miye nnaogopa nimemvunjia mwanangu ndoa. Nifanyeje?

Murshid, Darsait

Bwana Murshid, nimecheka, tena sana, halafu nikamwonea huruma mkeo. Hofu yako naielewa. Wasichana wangapi wameahidiwa chuo wakaishia jikoni? Lakini mtu kakuletea heshima mpaka nyumbani kwako, wewe unamfanya shahidi wa kesi! Haya ndiyo mambo gani?

Hata hivyo usikate tamaa. Mgeni akiiacha kahawa yake anangoja jambo litengenezwe, na wa kulitengeneza ni wewe. Kesho baada ya Alasiri nenda Khuwair na Khawla, daftari liache nyumbani, na kalamu pia. Sema, "Nimekosa, mama, nisamehe," kisha unyamaze. Wakikubali, sharti la masomo litajwe siku ya akdi, ndoa inapofungwa, aliandike kadhi. Hapo ndipo mahali pake na hakuna atakayeona katukanwa.

Ila kabla ya hayo, baba wee, umeninukulia maneno ya Bi Shaikha, na ya kwako umeyanukuu vizuri kabisa. Ya Reem hata moja sikuyaona. Kamgongee mlango leo hii, umuulize kama huyo kijana anamtaka. Akikwambia hamtaki, Khuwair nenda ukaombe radhi tu, urudi zako.

Bi Nadra