Jembe Halishikwi

Jumatano, 18 Februari 1953

Jumatano ya Majivu. Padre alipita leo, akatupaka majivu, akatukumbusha kufunga. Kufunga! Nilitaka kucheka mbele ya watu. Tunakula mara moja kwa siku tangu Krismasi, na si kwa ajili ya Bwana Yesu.

Joto. Upepo unachukua udongo wa shamba na kuuleta ndani, kwenye maji, kwenye unga, machoni. Mawingu yanajikusanya juu ya milima ya Washambaa na kukaa huko huko. Kwetu Kwedizinga hayashuki.

Mahindi ya mbegu bado yapo darini juu ya moto, meusi kwa moshi, wadudu hawayataki. Hayo ni ya mama mkwe. Katika nyumba hii hakuna mwingine anayegusa mbegu, hata Yordani mume wangu, ambaye ni mwanawe wa kumzaa. Siku ya kupanda huyashusha mwenyewe, huyapukuchua mwenyewe, kisha hutugawia, kila mtu na kibuyu chake. Mimi tangu niolewe hapa sijawahi kunyoosha mkono kule juu.

Yordani kasema jioni — masika hii ikishindikana, tunakwenda Korogwe kwenye mkonge. Sote, na watoto. Kasema huku anajikuna mguu, kana kwamba tunakwenda gulioni. Yeye kambi ya manamba kaiona akipita tu. Mimi nimezaliwa mle. Baba alikuja kutoka Songea kwa kandarasi moja, akafia huko huko. Chumba kimoja watu saba, na ukipanda mchicha mlangoni nyapara anaung'oa. Sirudi. Akitaka aende peke yake.

Jumapili, 22 Februari

Tumeomba mvua kanisani. Waislamu waliomba Ijumaa. Na wazee walikwenda makaburini na kuku mweusi, kimya kimya, mwalimu wa kanisa akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Basi kila anayeweza kuombwa kaombwa.

Nyani wamemaliza mihogo. Ile tuliyolazimishwa na Bwana Shamba kuipanda kando ya barabara, aione bila kushuka garini. Mihogo yenyewe ilikuwa imekonda. Sikuwafukuza, nilichoka.

Ijumaa, 6 Machi

MVUA!

Imeanza baada ya chakula cha mchana — tuseme baada ya saa ya chakula, maana chakula chenyewe hakikuwapo. Matone makubwa, kisha ikafululiza mpaka jioni. Watoto walitoka uchi. Raheli, huyu mkubwa wangu anayejiona mwanamke sasa, naye alitoka, akasahau haya zake. Hata mimi nilisimama nje nikalowa, nikacheka peke yangu.

Mama mkwe kashusha mahindi. Nusu yake. Nusu nyingine kaiacha darini, kasema mvua ya kwanza ni ya kuonja. Kapukuchua jikoni, anakohoa na moshi, anatutania kwamba mwaka huu tuna mikono ya makarani. Mbegu tumeiloweka kwenye chungu ili iote haraka. Kesho alfajiri tunapanda. Yordani ananoa majembe. Sijasikia sauti nzuri kama hiyo mwaka mzima.

Jumamosi, 7 Machi

Mzee Mhina kafariki alfajiri.

Tulikuwa tumeshika majembe, tuko njiani kabisa. Tukasikia kilio kutoka kwake. Yordani kasimama. Kaweka jembe chini. Tukarudi.

Huku ndivyo ilivyo. Mtu mzima akifa, jembe halishikwi kijiji kizima mpaka matanga yaanuliwe. Si kulima, si kupanda, si kung'oa hata jani. Kwetu kambini mtu alikufa asubuhi na mchana kengele ya kazi ikalia. Nilipoolewa huku niliona hawa ndio watu, wanaoheshimu maiti. Leo nimekaa msibani nimejitanda khanga, nalia pamoja na wengine, na kilichoniliza ni udongo. Ulikuwa umelowa vizuri mno.

Jumatatu, 9 Machi

Bado matanga. Wanamngoja mpwa wake kutoka Pangani. Jua kali tangu juzi.

Kaleb jirani yetu kaonekana shambani kwake, anafukia mbegu kwa kisigino, hata jembe hakushika. Wazee wamemtoza mbuzi. Na wamemwambia mbele ya watu — mvua isiporudi, watu watajua imekimbizwa na nani. Mkewe sasa akipita kisimani wenzake wanahamisha ndoo. Na Kaleb ni mwenyeji, babu yake kazikwa hapa.

Alhamisi, 12 Machi

Matanga yameanuliwa. Udongo umekwisha kauka, jembe linaruka. Mbegu tuliyoloweka imeota mikia chunguni na kuanza kunuka. Mama mkwe kaitazama, kasema ichemshwe. Tumeila. Watoto walifurahi! Walishiba kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. Mimi nilitafuna nusu ya shamba langu.

Jumatano, 18 Machi

Jua. Hakuna cha kuandika.

Jumapili, 22 Machi

Mama mkwe kaanguka jikoni. Kifua. Hatukuweza kumpeleka hospitali ya misheni, hataki, kasema waliokwenda huko kwa miguu walirudi wamebebwa.

Filomena kaja, wifi yangu, binti yake wa pekee. Kaolewa upande wa pili wa bonde. Kaingia bila kunisalimu, kamshika mama yake paji la uso, kisha kaniuliza mbona mama amekonda hivi. Nikamwambia wifi, nionyeshe aliyenenepa. Baadaye kanisaidia kumgeuza na kumfua nguo. Ana mikono ya upole kuliko mimi, nakubali. Kaniomba kitu kimoja akiondoka — lolote likitokea, apelekewe habari kwanza, kabla ya watu wote, maana kumwosha mama ni haki ya binti. Nikamwambia ndiyo, wifi.

Yordani katoka Segera. Kaonana na wakala wa mkonge. Lori litapita wiki moja baada ya Pasaka kuchukua watu. Kaandikisha jina. Nimemuuliza, na tukipanda je? Kasema tukipanda jina linafutwa, mtu hawezi kuacha mahindi yake ardhini. Tukipanda! Ananiambia mimi, kana kwamba mvua naificha.

Jumatatu, 30 Machi

Mama mkwe hali yake mbaya. Sasa anasema Kizigua peke yake, haraka haraka, mengine siyapati. Usiku kucha kikohozi. Uji anaonja kwa ncha ya ulimi.

Mawingu yameanza kushuka upande wa Pangani. Halisi, mazito. Natoka nje natazama mawingu, naingia ndani natazama kifua chake. Natoka tena. Nimefanya hivyo mchana kutwa.

Niliomba. Niliomba asife kabla hatujapanda. Sikuomba apone. Niliona aibu nikiwa bado nimepiga magoti, lakini sikuibadili sala.

Alhamisi, 2 Aprili

Imenyesha! Imeanza alasiri, ya taratibu, ile ya kuingia ndani. Masika yenyewe hii. Nilichimba kwa kidole — kinazama chote.

Yordani kasema tupande kesho. Kisha kakumbuka kesho ni Ijumaa Kuu. Mwalimu wa kanisa kapita kuwaonya watu, siku ya kufa Bwana hakuna jembe. Huyu naye! Kila mtu akifa hapa sisi ndio tunaolala njaa. Mungu anisamehe, nimeliandika.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Mvua. Kanisani nimesimama, nimepiga magoti, nimesimama. Nilikuwa nasikiliza paa.

Jioni mama mkwe kafungua macho. Kaniita "mwanangu," jambo asilolifanya. Nikamuuliza kuhusu mbegu, nishushe? Nilimuuliza mara mbili. Kawa anaitazama dari tu.

Jumamosi, 4 Aprili

Naandika ili mikono iwe na kazi.

Alfajiri nilimpelekea uji. Nilijua kabla sijamgusa. Hakukuwa na kikohozi. Mkono wake ulikuwa wa baridi mpaka kwenye kiwiko. Nikaweka uji chini. Nje Yordani alikuwa anapiga jembe kwenye jiwe kutoa udongo, na watoto wanagombea vibuyu.

Akaniita — "Mama Raheli, mama kaamkaje?"

Nikasema kalala.

"Na mbegu?"

Nikapanda juu ya kigoda cha mama mkwe, nikayashusha mahindi. Yote. Masizi yalinimwagikia kichwani. Nikayapukuchua mwenyewe, haraka, magunzi nikayasukuma motoni. Nikatoka nikamwambia mume wangu, "Mama kanipa. Kasema mpande yote leo, msimsumbue, kakesha anakohoa."

Alitaka kuingia ampe japo shikamoo. Nikamzuia mlangoni kwa kifua changu. Nikasema mwache mama wa watu alale. Akacheka kidogo, akaniambia leo una masizi puani. Wakaenda.

Nimeutia mlango komeo. Nimemfumba macho. Taya nimelifunga kwa kitambaa changu cha kanisani. Nimemnyoosha miguu kadiri nilivyoweza, ni kazi ya watu wawili hii. Kumwosha sijamwosha. Hiyo si yangu.

Sina mpango mwingine ila jioni. Jioni wakirudi nitasema nimemkuta sasa hivi. Wazee wakijua, si mbuzi mmoja. Mimi sina kaburi la babu hapa. Watasema ameletwa kutoka kambini, ataijua wapi heshima. Na Yordani sijui atanifanya nini. Ni mama yake. Aliyemzaa. Yuko kule shamba la chini anafukia mbegu huku anapiga mluzi, namsikia mpaka hapa.

Nampenda huyu bibi. Sikuwahi kumwambia, alikuwa mkali mno kuambiwa. Nimemwambia sasa.

—

Kuna mtu anakuja. Anakung'uta matope mlangoni. Filomena! Nimemjua kwa pumzi, kapanda kilima haraka.

"Hodi! Hodi jamani! Mbona pamefungwa? Wifi?"

Nimenyamaza. Kasukuma mlango. Komeo limekataa. Kasema peke yake, "Wamekwenda shamba, wamemfungia mama, ili mbwa wasiingie. Vizuri."

Kazunguka nyuma. Kakaa chini, kaegemea ukuta huu huu, upande wa kitanda. Kati yake na mama yake ni udongo na fito. Nasikia bangili zake.

"Mama, shikamoo. Mvua imefika na kwetu. Nimekuletea sukari, nimeipata dukani kwa Tayabali." Kangoja. Kisha, kwa sauti ndogo, "Mama? Umeamka? Mama!"

Kagonga ukuta. Kagonga tena, kwa nguvu. Nikamsikia anainuka.

Nikakohoa. Kile kikohozi chake, kirefu, chenye mkwaruzo mwishoni. Kimetoka vizuri kuliko nilivyotaka.

"Pole, mama," kasema Filomena. "Pole, mama yangu. Lala tu. Nitakaa nawe hapa hapa mpaka waje."

Kakaa tena. Anamsimulia habari za watoto wake. Kila akinyamaza, nakohoa. Yordani bado yuko shamba la chini, la juu hajaligusa.