Nguzo za Kilometa 584

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Baridi kali asubuhi. Reli imelowa umande, vidole havishiki kalamu. Tumeanza kilometa 583, upande wa Bukama. Kazi ni ileile ya wiki zote: Mulumba na mwenzake wananyoosha mnyororo wa kupimia, na kila mita hamsini ni mahali pa nguzo moja ya waya wa umeme. Mulumba anapaka namba nyekundu kwenye reli. Mimi naandika: namba ya nguzo, umbali kutoka jiwe la kilometa, kushoto au kulia, na kilichopo pale — mtaro, mti, njia ya watu. Nguzo ishirini kila kilometa. Tukifika jiwe linalofuata tunaanza namba upya.

Nguzo zenyewe hazijafika Kamina. Kwa sasa ziko kwenye karatasi yangu tu! Nikikosea mimi, chuma kitakosea.

Mulumba anahesabu kwa kuimba, kwa Kiluba. Ukimkatiza anarudia wimbo wote. Miaka mitatu namvumilia. Hajawahi kukosa hata mita moja, ila hilo sijamwambia.

Bwana Tena alipita na dresini, kile kigari chake kidogo cha reli. Si jina lake. Ni mzungu wetu wa upimaji, na hilo ndilo neno la Kiswahili analolipenda kuliko yote. Pima tena! Andika tena! Leo alitazama daftari langu hakusema neno. Kwake hiyo ni sifa.

Jumanne, 6 Agosti

Shida. Kutoka nguzo 583/20 hadi jiwe la 584 inatakiwa iwe mita hamsini. Imetoka sitini na moja. Nikamwambia Mulumba arudie, na aache kuimba. Sitini na moja. Nikamfokea mbele ya watu. Mara ya tatu nikashika mnyororo mwenyewe. Sitini na moja!

Mulumba akaniuliza taratibu kama mkono wangu nao unaimba. Wote walicheka. Mimi sikucheka.

Pale mita ya hamsini, ambapo jiwe lingepaswa kusimama, kuna kichuguu kinachonifika kiunoni. Nikaandika "kichuguu", tukasonga.

Jumatano, 7 Agosti

Tumemaliza 584. Na huku mwisho, nafasi ya hamsini imetoka thelathini na tisa. Kumi na moja zimezidi kule, kumi na moja zimepungua huku. Hata mtoto wa darasa la pili angeelewa: jiwe la 584 limehama.

Bwana Tena alielewa kabla sijamaliza kusema. Treni haijali mita kumi na moja. Waya unajali — nafasi ikizidi, unalegea. Kurasa tatu zangu zote za kufuta, na treni ya saruji na mchanga inafika Jumatatu kuanza mashimo.

"Jiwe haina na miguu," alisema. Akataka daftari langu la Julai. Nikampa, tena kwa majivuno, maana ni safi. Ukurasa wa tarehe 24, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *Mulumba kasafisha jiwe la 584, kalima majani pembeni, kapaka chokaa.* Akaenda kutazama. Udongo kuzunguka jiwe bado mbichi.

Mulumba akasema, "Nililima majani tu, Bwana. Jiwe minyi sikuigusa."

Akaitwa Kapita Kitwa, msimamizi wa watu wa njia ya reli sehemu hii. Ni baba mkwe wangu. Kila mwaka anatia sahihi kwenye kitabu kwamba mawe yote yako mahali pake. Alivua kofia. Alisema, "Tangu zamani jiwe iko pale, Bwana. Kama lelo iko fasi ingine, minyi siyue." Yaani kama leo liko mahali pengine, yeye hajui.

Basi. Jumatatu Mulumba atapewa barua ya kufukuzwa, na nyumba ya kambi atoke. Mke wake ana mimba ya miezi minane.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimemweleza mke wangu Dorothée habari ya jiwe tukila. Akacheka! "Mia tano makumi nane na ine? Lakini ile njo jiwe nilijifunzia kuandika!"

Alikuwa na miaka kumi. Mti ulikuwa umeangukia jiwe, likakatika chini, likalala majanini mwaka mzima. Mama yake na wanawake wa kambi wakalibingirisha hadi mtoni, wakawa wanafulia nguo juu yake. Dorothée alikuwa anafuatisha namba kwa kidole chenye sabuni: 5, 8, 4. Halafu ikasikika mkaguzi anakuja. Mama yake na baba yake wakalirudisha haraka, wakalisimamisha pale majani yalipokuwa mafupi.

Alikuwa anasimulia huku anacheka. Kisha tonge likabaki mkononi.

Ijumaa, 9 Agosti

Tumegombana asubuhi mpaka uji umeganda.

Nilisema Mulumba hana kosa. Akasema anajua. Nikasema kisiki cha lile jiwe bado kiko ardhini, na najua kiko wapi — chini ya kile kichuguu. Mchwa hawajengi kitu kirefu hivyo kwa wiki mbili. Tukikivunja, kila mtu ataona kwamba jiwe lilihama zamani, Mulumba hajaanza hata kazi. Akasema, "Na kisha? Bwana atauliza: Kapita, ulikuwa unasaini nini miaka yote?"

Baba yake amebakiza miezi saba astaafu. Akifukuzwa sasa, anatoka mikono mitupu, baada ya miaka ishirini na sita ya kushindilia mawe chini ya reli.

"Weye njo utaandika jina ya baba yangu?" aliuliza.

Nilikwenda kazini, nikafuta kurasa tatu kwa wembe, nikaandika upya. Mwandiko mbaya.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku ya posho. Mulumba amekuja nyumbani na kofia mkononi, kama kwa mgeni. Anataka nimwandikie barua kwa Bwana Tena.

Nilidhani ya kujitetea. Hapana! Anataka kukiri.

"Andika ni minyi. Andika jiwe ilianguka wakati nilikuwa nalima, nikaogopa, nikaisimamisha mubaya. Niombe musamaha. Labda watanipa mwezi moja mu nyumba, bibi azale kwanza." Akaongeza kwamba mwandiko wangu ni mzuri, Bwana Tena anauheshimu.

Nikaandika! Mungu anisamehe. Nilikaa mezani, nikachovya kalamu, nikaandika uongo kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Dorothée alikuwa mlangoni. Mulumba alipaka kidole wino akabonyeza chini. Alinishukuru mara mbili.

Alipotoka, Dorothée alikwenda kwa mama yake, hakusema anachofuata. Mimi nimekaa na aibu yangu. Naiandika hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumwambia.

Jumapili, 11 Agosti

Kutoka kanisani tumekwenda kwa wakwe. Wao Wakatoliki, walikuwa wamesharudi misa. Baba mkwe alinitania kama kawaida: "Ninyi Bametodisti hamukunywaka pombe, njo maana munahesabu-hesabu hivi!" Lakini macho yake hayakucheka.

Tulikaa nje mbele ya nyumba, mimi na yeye. Mama mkwe ndani, anatwanga mihogo. Tangu nimuoe Dorothée sijawahi kumtazama usoni mama yake wala kusema naye neno, na yeye hivyohivyo. Tukikutana njiani mmoja anaingia majanini. Jina lake halijatoka kinywani mwangu wala kwenye kalamu yangu. Mchungaji anasema haya ni mambo ya zamani. Mchungaji hajaoa kwa Kitwa.

Nilianza kumweleza baba mkwe habari ya barua ya Mulumba. Na nilijikuta napandisha sauti. Baba mkwe si kiziwi. Nilisema Mulumba amekiri kitu ambacho hakufanya. Nilisema kidole chake bado kina wino. Nilisema mke wake atazaa barabarani.

Mchi ukanyamaza.

Baba mkwe alitazama chini, akachora-chora mchangani kwa kijiti. "Bukwe," akasema — ndivyo huku wanavyoita mkwe, na ukwe wenyewe — "miezi saba." Hilo tu. Nilimhurumia kweli. Si mtu mbaya. Alinipa binti yake bila kelele, na siku ya harusi alibeba mbuzi mwenyewe mabegani.

Kisha mchi ukaanza tena, lakini kwa nguvu nyingine.

Chakula kililetwa na Dorothée kama siku zote. Bukari, ugali wa huku, na samaki wa Bukama. Kipande changu kilikuwa kile cha kichwa, ambacho mama mkwe humpa mumewe. Sijui maana yake.

Jumatatu, 12 Agosti

Naandika hapahapa njiani, kilometa 584, nimekaa juu ya reli. Daftari hili lilikuwa kwenye mfuko mmoja na lile la kazi. Nina labda nusu saa.

Saa mbili tulikuwa wote hapa: Bwana Tena na barua ya Mulumba mkononi, Mulumba, baba mkwe na watu wake kumi. Treni ya saruji inasubiri Kamina stesheni. Bwana Tena akaanza kusoma ungamo kwa sauti. Mulumba anatazama viatu vyake. Mimi natazama mwandiko wangu.

Ndipo akaja. Kutoka njia ya mtoni, jembe begani, kitambaa kimefunika kichwa mpaka machoni. Nilimjua kwa mwendo, nikageuka haraka nikautazama mti. Alipita nyuma yangu — nilisikia kanga — akaenda moja kwa moja kwenye kichuguu, akaanza kukivunja.

Bwana Tena akauliza ni nani. Akaniuliza mimi kwa nini natazama mti. Nikasema, Bwana, ni desturi. Akasema wote tuna wazimu.

Jembe lilikuwa linaingia, pu, pu, udongo mkavu wa mchwa. Halafu — ti! Sauti ya saruji.

Bwana Tena alipiga magoti mwenyewe na suruali yake nyeupe. Akafuta kwa mkono. Kisiki cha jiwe, kimevunjika juu, mizizi imekizunguka pande zote. Akataka kipimo. Mulumba akakimbia na mnyororo, hakuimba. Kutoka 583/20: hamsini kamili. "Tena!" Hamsini kamili.

Bwana Tena akainuka. Si mjinga. Akaitazama barua ya Mulumba, akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akaichana. Kisha akauliza, polepole, "Basi nani alihamisha hii jiwe?"

Baba mkwe akavua kofia. Nilimwona anafungua kinywa.

Mkewe akamwahi. Aliongea na jembe, si na mtu, lakini kila mmoja alisikia:

"Ni miye. Nilitaka fasi ya kufulia. Nilibeba, kisha nikarudisha mubaya. Bwana yangu alikuwa mu kazi, hakuyua kitu. Banifukuze! Kazi gani batanifukuza?"

Mtu mmoja wa njia alicheka, akajizuia. Mimi nilielewa taratibu. Kweli hana kazi ya kufukuzwa. Hana kitabu alichotia sahihi. Jina lake kwenye karatasi haliwezi kuvunja kitu chochote — labda.

Bwana Tena alimtazama baba mkwe na kofia yake. Akasema anakwenda stesheni kupiga simu, na vitabu vyote vya ukaguzi atavitaka mezani. Mimi niandike ripoti: kisiki kimepatikana wapi, na jiwe lilihamishwa na nani, jina. Akirudi anataka mstari huo umejaa. Akapanda dresini.

Mulumba amekaa mbali kidogo, ameanza kuimba bila sauti, midomo tu. Baba mkwe amesimama mahali alipoachwa. Nilimwomba yeye anitajie jina la kuandika. Akatikisa kichwa. Sijui kama hataki, au kama anataka niandike lake.

Yeye mwenyewe, mama yake Dorothée, amekaa juu ya udongo wa kichuguu, amenipa mgongo. Sasa hivi amesema tena na jembe lake: "Ule karani, kalamu yake ni ya kazi gani? Aandike. Asiogope. Bukwe tutazungumuza kesho."

Mwaka mmoja na miezi miwili tangu harusi, na hilo ndilo neno la kwanza ambalo limenifikia kutoka kwake.

Dresini inasikika kwenye kona. Ripoti iko gotini. *Jiwe la 584 lilihamishwa na* — halafu nafasi tupu. Penseli nimeichonga mara mbili.

Kabedi.

Nimelijaribu jina la mama mkwe kwanza hapa, nione kama mkono utakubali.