Nathaniel Ameachwa na Timu

Laeken, Brussels
Tarehe 9 Juni 2014

Mpendwa mdogo wangu Georgina,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Naomba radhi kwa ukimya wangu tangu Februari. Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa nafasi. Nilikuwa na habari ambayo kwetu haitumwi kwa karatasi; hupelekwa na mtu mzima, akaketi, akapewa maji, ndipo akaisema. Nilingoja nipate safari ya kuja Usangi. Safari haikupatikana, na barua zako mbili bado ziko mezani.

Natumaini miguu imepungua uvimbe na kwamba unakunywa dawa kama ulivyoelekezwa, si siku unazojisikia vibaya tu. Mimi sijambo.

Nathaniel hayuko tena Marekani. Yuko hapa kwangu tangu mwisho wa Machi. Ni mzima, isipokuwa kiwiko cha mkono wa kulia. Timu imemwacha.

Inafaa ujue mambo yalivyokuwa, maana sikukueleza sawasawa. Timu kubwa za besiboli zina timu ndogo chini yake, kama ngazi, na vijana hupandishwa au hushushwa. Mwanao alikuwa mrushaji mpira kwenye ngazi za chini kwa miaka sita. Waliishi vijana watano katika nyumba ya vyumba viwili, wakasafiri kwa basi saa kumi kwenda kucheza. Mwaka 2011 nilikuandikia kwamba amepanda, na mchungaji akalitangaza kanisani. Alishushwa baada ya siku kumi na moja. Hilo sikukuandikia.

Mwaka huu, asubuhi moja kabla ya mazoezi, aliitwa ofisini. Kocha alizungumza naye dakika chache, akampa mkono. Aliponipigia simu alisema, "Mjomba, wameniambia asante." Nikamuuliza asante ya nini. Akajibu, "Ndiyo hivyo tu."

Hapa nyumbani halalamiki. Anaosha vyombo kwa mkono wa kushoto. Jirani yetu Marie-Claire, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi ya kutunza wazee, alitukuta jikoni siku ya tatu, kila mtu akitazama sahani yake. Akanigeukia: "Bon, papa Elineema, mbona munakaa sawa watu wa matanga? Mutoto hajakufa. Wamemufukuza kazi tu!" Nathaniel alicheka. Mimi sikucheka.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Baada ya mumeo kufariki ulinikabidhi mtoto akiwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka 2008, alipomaliza shule, Mmarekani mmoja anayetafuta wachezaji alikuja hapa na Bertin, mwalimu wake wa besiboli wa kule Ganshoren. Niliwapokea kama watu waliokuja kuposa. Nilivaa suti, nikawaambia tumesikia, na kwamba watarudi kuchukua jibu. Niliwarudisha mara mbili. Bertin alikasirika, lakini mgeni alivumilia, nami nikamheshimu kwa hilo.

Mara ya tatu aliuliza kama familia ina jambo lolote la kuongeza kwenye mkataba. Nilimjibu kwamba sisi hatumwekei mtoto bei, wamtunze tu. Nilijiona nimesema vizuri. Akanitazama kidogo, akageuza ukurasa, Nathaniel akatia sahihi.

Kumbe alikuwa akinipa nafasi. Familia nyingine huomba timu igharamie masomo ya kijana siku atakapoacha kucheza. Ni aya moja tu. Wenzake wawili walioachwa siku ile ile sasa wanakwenda chuo kwa aya hiyo. Katika karatasi za Nathaniel haimo.

Jioni aliponieleza hayo, Nathaniel alinisubiri nimalize kula, ndipo akauliza, "Mjomba, waliuliza?" Nikasema waliuliza. Akasema, "Haya." Hajalirudia tena. Ningependa alirudie.

Yako mambo mawili mbele yake. Timu moja ya Uholanzi inamtaka kwa miezi iliyobaki ya kiangazi, nayo inataka jibu kabla ya mwezi huu kwisha. Daktari anasema kiwiko kikitumika hivyo kabla ya kupasuliwa, huenda kisinyooke tena. La pili ni chuo cha uuguzi kule Ixelles kuanzia Septemba. Atakaa darasani na watoto wa miaka kumi na minane, na jioni atafanya kazi mahali anapofanya Marie-Claire. Ana miaka ishirini na minne. Karatasi zote mbili ziko chumbani kwake.

Georgina, najua utataka kumpigia simu umwambie arudi nyumbani, au asikate tamaa. Mpigie umsalimie, umsikie sauti. Usimwamulie. Mimi nilikwisha kumwamulia mara moja, tena kwa adabu zote. Ukiwa na hasira, nielekezee mimi. Ni haki yako.

Nisalimie Brightness na wanawe, na shemeji Evans akija kutoka Moshi. Mchungaji mwambie ukweli mwenyewe, kabla hajautangaza kwa namna yake.

Mungu akutie nguvu unapoisoma barua hii, na asikuache peke yako ukishaikunja.

Nathaniel akishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Sitaandika kama ameamua vema au vibaya, nitaandika alichoamua.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Elineema