Oili Chini ya Landrova

Jumatatu, 3 Aprili 1995

Oili tena. Nimetoka kuswali alfajiri, nikakuta dimbwi jeusi chini ya injini, kubwa kuliko sinia. Jana nilitandika gunia pale. Leo gunia lote limelowa. Nimechoka na hili gari, wallahi nimechoka.

Miaka kumi na tisa nimeliendesha likiwa la ushirika. Ushirika ulipokufa watu wakagawana viti na mizani, mimi nikapewa Landrova badala ya kiinua mgongo. Wakanicheka. Haya – masika yamefika, gari gani jingine hapa Kibiti linaingia bonde la Mtunda na kutoka? Hakuna.

Na mwanangu Salama kaolewa huko huko Mtunda. Mimba yake inaingia mwezi wa tisa. Ile ya kwanza alikaa na uchungu siku mbili nyumbani, mtoto tukamzika, yeye mwenyewe akapasuliwa hospitali Mchukwi akapona kwa kudra tu. Daktari kasema kwa kinywa chake: asijaribu tena kuzalia nyumbani. Nimemwahidi nitamfuata tarehe kumi na mbili, Jumatano ya wiki ijayo.

Siku tisa. Na gari linavuja.

Tabu naye kaamka na lake: nani kaichana pembe kanga yake ya kijani? Nikamwambia panya. Mtu ana msiba wa injini, mkewe anauliza kanga!

Jumanne, 4 Aprili

Huseni kaja. Alikuwa utingo wangu enzi za ushirika, leo fundi mwenye mvi zake na gereji nyuma ya soko. Tumeosha injini kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, tukaipaka unga wa muhogo kote, tukawasha. Njia hiyo nilimfundisha mimi: unga unapolowa, hapo ndipo panapovuja.

Tabu kasimama mlangoni. Baba Salama, unga wa chakula huo! Nikamjibu hata injini inakula.

Unga ukalowa mbele, kwenye sili ya krenki, ule mpira wa kuzuia oili. Alhamdulillahi, mwizi kapatikana. Kijiti cha kupimia oili nimekikuta kimechomoka chenyewe. Nikakirudisha. Barabara hizi zitachomoa mpaka meno.

Huseni akauliza, Mzee, tusitazame na huku juu, nyuma ya chujio la hewa? Nikamwambia oili haipandi mlima. Tafuta chini.

Alhamisi, 6 Aprili

Huseni karudi na sili kutoka Dar. Zamani sili moja uandike barua tatu, usubiri mwaka. Siku hizi soko huria, zimejaa tele, kila moja na boksi lake la rangi, na hujui ipi ya kweli ipi ya uongo. Kachagua kwa kuzinusa, anasema. Sawa.

Tumefunga. Mbele pakavu! Nikalipeleka gari mpaka Bungu na kurudi, nimefungua dirisha, naimba.

Nimefika nyumbani – nyuma inachuruzika. Nyuma! Juzi palikuwa pakavu kama sakafu ya msikiti. Oili inaingia kwenye klachi sasa, na klachi imeanza kuteleza. Nilikaa kwenye ngazi nikihesabu matone.

Ijumaa, 7 Aprili

Azan, mume wa Salama, kaja kwa baiskeli. Pale bondeni kaibeba begani. Maji yamempita magoti.

Anasema Salama miguu imevimba. Nikauliza kwa nini asije mapema, tumtafutie hata watu wa kumbeba kwa kitanda? Akasema mama yake, Bi Sijaona, hataki. Eti mwanamke hakai hospitali kungoja uchungu kama anayengoja basi.

Nikamwambia, kamwambie mama yako mjukuu wake nilimfukia kwa mikono hii. Azan akainamisha kichwa. Si kosa lake maskini. Lakini nimeshasema.

Jumapili, 9 Aprili

Siku mbili tumelala chini ya gari. Giaboksi imeshuka, sili ya nyuma imebadilishwa, giaboksi imepanda. Mgongo wangu si wa kwangu tena. Gasketi nyingine tumekata kwa boksi la sabuni.

Tukawasha. Nyuma pakavu. Mbele pakavu. Nikasema alhamdu... sijamaliza, oili inatoka kwenye kava ya juu, inatambaa ubavuni taratibu, haina hata haraka. Na kile kijiti kimechomoka tena!

Hapo nikapandisha hasira. Nilimfokea Huseni mbele ya watu, wengine wametoka sokoni kuja kutazama. Umeniharibia gari! Unaziba hapa unatoboa kule! Nilikufundisha bure! Ndivyo nilivyosema. Kwa mtu wa miaka arubaini na ushei.

Yeye akafuta mikono, akaokota spana zake moja moja. Akasema polepole: Mzee, mimi nimeziba kila tundu ulilonionyesha. Akaondoka.

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua kutwa. Sikugusa gari. Nimeomba lori la mchanga, dereva kacheka: Mtunda masika hii? Siku mbili zimebaki.

Jumanne, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Tabu anafunga mzigo wa uzazi. Kanga kuukuu zilizolainika ndizo za kumpokelea mtoto, mpya zinakwaruza. Katandaza na ile ya kijani kitandani. Pembe moja haipo. Tabu akasema panya gani huyu anakata kipande kimoja tu na kuondoka nacho?

Nikaitazama ile pembe. Haikutafunwa. Imeng'atwa na kuchanwa. Na mchanaji namjua.

Mwezi uliopita nilipeleka mbegu za mpunga Mtunda. Mvua ilikuwa inanyesha, Tabu kanitupia kanga nijifunike mabega. Bondeni maji ya kwanza yameshaingia. Nikafanya tunavyofanya siku zote watu wa huku: nikasimama ukingoni, nikafungua boneti, nikang'ata kipande cha kanga, nikakisokomeza kwenye bomba la kupumulia injini, maji yasiingie kwenye oili. Madereva wa Dar hawajui jambo hilo, ndiyo maana wanaachwa katikati. Wote hapa Kibiti wamelijua kwangu. Na somo lina nusu ya pili, huwa napiga mtu kofi akiisahau: ukivuka, zibua kabla hujafanya lolote.

Siku ile nilivuka. Ng'ambo watu wananipungia, wanagombania mbegu, wananisifu. Boneti sikuifungua.

Nimetoka nje pekupeku. Nikapitisha mkono nyuma ya chujio la hewa, pale pale Huseni alipotaka kutazama. Kitambaa kipo. Cheusi, kigumu, ukubwa wa kidole gumba. Nikawasha injini, nikakichomoa – ikashusha pumzi! Siku zote hizi haikuwa na pa kupumulia. Ikasukuma oili popote penye upenyo. Tukiziba hapa, inatafuta pengine. Nikakaa nusu saa nakitazama kijiti cha oili. Hakikuchomoka.

Nikaenda sokoni. Uliyemtukana hadharani humwombi radhi chumbani. Nikakiweka kitambaa mkononi mwake, watu wanatazama. Nikasema Huseni, mwizi ndiye huyu, na aliyemfungulia mlango ni mimi. Nisamehe.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kila mtu akacheka. Ilikuwa chungu, na nilistahili.

Kisha akaacha kucheka. Mzee, klachi bado imelowa oili, kuikausha si kazi ya siku moja. Kwenye maji usiikanyage ovyo. Nikasema kesho naenda vivyo hivyo. Akasema tunaenda.

Jumatano, 12 Aprili

Naandika ndani ya gari, daftari liko juu ya usukani. Ukingo wa bonde, tunarudi.

Asubuhi tulivuka vizuri. Nikaziba, tukapita, Huseni mwenyewe kazibua. Kufika tukamkuta Salama uchungu umemwanza tangu alfajiri. Nilijiandaa kugombana na Bi Sijaona. Yeye kashika mzigo wa Salama, kapanda nyuma, kamweka mkwewe kichwa mapajani.

Sasa maji yamepanda kuliko asubuhi. Huseni kashuka na fimbo, anatafuta pagumu, mimi namngoja.

Nimeziba tena. Nilipotafuta kitambaa, Salama kanipa mwenyewe kanga ya kijani toka mzigo aliofunga mama yake, nikang'ata pembe ya pili. Ila safari hii nimekifunga kamba ya ukindu. Nimeipitisha pembeni ya boneti, ikaingia dirishani, nikampa mkononi.

Baba, hii ya nini?

Tukitoka majini, vuta kwa nguvu. Mimi nasahau.

Katazama kamba, katazama uso wangu. Sijawahi kumwambia mtoto wangu neno hilo. Kisha maumivu yakamrudia, akang'ata meno, kamba hakuiachia. Bi Sijaona kafunika mkono wake kwa wa kwake. Anamwambia nimeshika na mimi, mwanangu.

Nimejaribu klachi. Inashika. Kwa sasa inashika.

Huseni kafika ng'ambo. Maji yalimwishia kiunoni. Anapunga mkono, njoo. Salama kaizungusha kamba kiganjani mara mbili, ananiuliza kama avute sasa. Bado, mama. Bado.